Mashine moja, vyumba vingi: historia ya seva zinazotunza majina ya wahami

KISANGANI – Mtu akikimbia nyumba yake kwa sababu ya vita, swali la kwanza analoulizwa mahali anapofika ni jina. Jina lake, jina la mume au mke, kijiji alichotoka, idadi ya watoto. Ndivyo walivyoulizwa maelfu ya watu waliohama tangu Februari 2023, mgogoro wa ardhi kati ya jamii za Mbole na Lengola ulipozuka upande wa kushoto wa mto, na wengi wakavuka kutoka Lubunga kutafuta usalama. Ndivyo wanavyoulizwa pia wazee wanaosubiri fidia ya vita vya siku sita vya Juni 2000.

Jina likishaandikwa kwenye karatasi au kwenye simu ya mwandikishaji, linaondoka. Linakwenda wapi? Wengi hujibu: «Liko kwenye ordinatere.» Jibu hilo ni la kweli, lakini ni fupi mno. Siku hizi jina la mhami mara nyingi haliko katika kompyuta inayosimama peke yake mezani. Liko ndani ya kile ambacho mafundi wanakiita mashine pepe, yaani chumba kisichoshikika kwa mkono, kilichokatwa ndani ya seva moja kubwa, kando ya vyumba vya watu wengine wasiojuana. Anayefungua na kufunga vyumba hivyo hana mlango wa mbao mbele yake. Ana kioo cheusi na maneno anayoyaandika mwenyewe, mstari kwa mstari.

Historia ya vyumba hivyo imepita miaka 60. Inafaa ielezwe Kisangani, kwa sababu ndani yake kuna majibu ya maswali mawili ambayo kila jamaa iliyoandikishwa ina haki ya kuyauliza: nani anaweza kuliona jina letu, na nyumba ikiungua jina litabaki wapi?

Parseli moja, kaya nyingi

Wakaaji wa Mangobo au Kabondo wanaijua hali hii bila kusoma kitabu. Parseli ni moja, lakini ndani yake mna kaya tano au sita. Bomba la maji ni moja, mita ya umeme ni moja, mwenye parseli ni mmoja. Kila kaya ina mlango wake, na ikiufunga, jirani haoni kilichomo chunguni. Lakini umeme ukikatika, wote wanakaa gizani. Na mwenye parseli huwa na funguo za ziada.

Seva iliyogawanywa ni hivyo hivyo. Ina ubongo wa kufanya hesabu, kumbukumbu ya kushika kazi inayoendelea, diski za kuhifadhi na waya wa mtandao. Juu ya vitu hivyo vyote huwekwa programu ya msimamizi, ambayo mafundi wanaiita haipavaiza. Msimamizi huyo hugawa: chumba hiki kipate nusu ya ubongo, kile kipate robo, hiki kisiguse diski ya kile. Kila chumba huwekewa mfumo wake na programu zake, na kinafanya kazi kana kwamba kiko peke yake duniani.

Kwa nini kila mtu asinunue mashine yake? Kwa sababu seva iliyopewa kazi moja tu hukaa bure sehemu kubwa ya siku, huku ikiendelea kula umeme na kutoa joto. Katika mji ambapo umeme wa bwawa la Tshopo hautoshi na jenereta inakunywa mafuta kila saa, hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Seva moja inayofanya kazi ya kumi ni nafuu kuliko seva kumi zinazosinzia.

Yalianzia Cambridge

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilijaza chumba kizima na bei yake ilihesabiwa kwa mamilioni ya dola. Mtaalamu alileta kazi yake ikiwa imetobolewa kwenye kadi, akazikabidhi kwa waendesha mashine, akarudi kesho yake kuchukua jibu. Akikosea herufi moja, alianza upya na kungoja siku nyingine.

Novemba 1961, katika chuo cha MIT huko Cambridge, jimbo la Massachusetts nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha njia nyingine. Mfumo wao, CTSS, uliruhusu watu kadhaa kuketi kila mmoja mbele ya mashine ya kupiga chapa iliyounganishwa na kompyuta ileile. Kompyuta ilimhudumia huyu kwa sehemu ndogo ya sekunde, kisha yule, kisha mwingine, haraka kiasi kwamba kila mmoja aliona anahudumiwa peke yake. Waliiongoza kwa amri za maandishi: unaandika neno, mashine inatii na kujibu. Mfaransa Louis Pouzin, aliyekuwa akifanya kazi hapo, alitengeneza njia ya kupanga amri nyingi katika faili moja zitekelezwe kwa mfuatano. Yeye ndiye aliyeipa programu inayopokea amri jina la «ganda», kwa maana inaufunika mfumo kama ganda linavyofunika karanga. Mafundi wa Kisangani wanaofungua kioo cheusi leo wanaandika ndani ya kizazi cha ganda hilohilo.

Lakini CTSS ilikuwa kama nyumba yenye watu wengi na isiyo na kuta. Katikati ya miaka hiyo ya 1960 kosa la programu lilichanganya faili mbili: faili ya salamu ya siku na faili ya maneno ya siri. Kila aliyeingia kwenye mfumo alionyeshwa maneno ya siri ya watumiaji wote badala ya salamu. Corbató mwenyewe alikisimulia kisa hicho miaka mingi baadaye, katika hotuba aliyotoa baada ya kupewa tuzo ya Turing. Funzo lake lilikuwa wazi: watu wanaoishi ndani ya mashine moja wanahitaji kuta.

Kuta zenyewe zilianza kujengwa katika mji huohuo. Februari 1964 kampuni ya IBM ilifungua kituo cha utafiti mjini Cambridge, karibu na MIT. Mwaka huohuo, upande huu wa dunia, Stanleyville ilikuwa mikononi mwa Simba, na chuo kikuu kilichofunguliwa hapa mwaka uliotangulia kililazimika kuhamia Léopoldville. Kule Cambridge, kundi lililoongozwa na Robert Creasy lilipata wazo jipya. Badala ya kuwapanga watu wengi ndani ya mfumo mmoja, kila mtu apewe mashine kamili ya kudhaniwa, yenye kumbukumbu yake na diski zake, na programu moja ndogo ikae chini ya zote kuzitenganisha. Mfumo wao, CP-40, ulianza kazi Januari 1967 na uliweza kubeba mashine pepe 14. Ukafuatiwa na CP-67, na mwaka wa 1972 IBM ikatangaza VM/370 kwa wateja wake wote.

Mwaka wa 1974 wataalamu wawili, Gerald Popek na Robert Goldberg, waliandika masharti ya kazi hiyo kwa lugha ya hesabu. Kwa lugha ya kawaida ni haya: programu iendeshwe ndani ya chumba kama ambavyo ingeendeshwa kwenye mashine halisi, sehemu kubwa ya kazi ifanyike moja kwa moja bila kucheleweshwa, na msimamizi ashike mamlaka yote juu ya mali ya mashine. Sharti hilo la tatu ndilo la kukumbuka hadi mwisho wa habari hii. Chumba hakimtawali msimamizi. Msimamizi anavitawala vyumba vyote.

Kutoka mashine za matajiri hadi seva ya kawaida

Kwa miaka mingi jambo hili lilibaki kwenye mashine za benki kubwa na serikali za nchi tajiri. Mwaka wa 1988 IBM iliingiza ugawaji ndani ya mashine zake kubwa zenyewe, na kila sehemu ikaitwa sehemu ya kimantiki. Mwaka wa 2001 ugawaji huo ulifika kwenye seva zake ndogo zaidi za Unix zenye ubongo wa POWER4. Mwaka wa 2004, kwa POWER5, ubongo mmoja uliweza kukatwa hadi sehemu kumi. Humo sehemu moja ya pekee hupewa kazi ya kuwa bomba la pamoja: inashika diski na nyaya za mtandao kwa niaba ya vyumba vingine. Fundi akitaka kujua diski ipi ni ya nani, anatumia amri ya lsmap, na orodha inateremka kwenye kioo.

Mashine za kawaida, zile zinazofanana na kompyuta za ofisini, nazo zilifuata. Kampuni ya VMware ilianzishwa mwaka wa 1998 na kuuza programu yake ya kwanza mwaka uliofuata. Mwaka wa 2003 watafiti wa Cambridge nyingine, ile ya Uingereza, walitoa Xen, programu ya wazi ambayo yeyote aliweza kuichukua bila kulipa. Februari 2007 KVM, iliyoanzishwa na Avi Kivity, iliingizwa ndani ya Linux yenyewe. Tangu hapo, mwanafunzi mwenye kompyuta yenye nguvu ya kutosha aliweza kukata vyumba bila kununua leseni. Kile kilichohitaji mamilioni ya dola mwaka wa 1967 kikawa kitu cha kujifunza kwa mikono yako, ukiwa na umeme na subira.

Kwa nini maandishi na si picha

Msikilizaji anaweza kuuliza: kama simu zimejaa picha na vitufe vya kugusa, kwa nini mafundi wa seva bado wanaandika maneno kwenye kioo cheusi?

Sababu ya kwanza ni umbali. Seva mara nyingi iko mji mwingine au bara lingine. Mwaka wa 1995 Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, Finland, alitengeneza SSH, njia ya kupeleka amri za maandishi kwa siri baada ya mtu kunasa maneno ya siri kwenye mtandao wa chuo chake. Maandishi ni mepesi. Amri nzima ina herufi chache tu, wakati picha ya kioo kimoja ina uzito wa maelfu ya herufi. Kwa miaka mingi taasisi za ndani ya Kongo zilitegemea antena za setilaiti. Setilaiti ya aina hiyo hukaa karibu kilomita 36,000 juu, hivyo neno kupanda, kushuka na jibu kurudi kunachukua zaidi ya nusu sekunde hata laini ikiwa nzima. Fundi anayeburuta picha kwa laini kama hiyo anachoka. Anayeandika amri anangoja kidogo, anapata jibu, anaendelea.

Sababu ya pili ni kwamba maandishi yanaweza kuhifadhiwa na kurudiwa. Amri zilizofanya kazi leo zinaandikwa kwenye faili, na kesho fundi mwingine anazifuata. Zikiwa kwenye faili, zinaweza pia kusomwa na mkaguzi: nani alifungua chumba gani, saa ngapi.

Kwenye seva yenye KVM, chombo cha kawaida kinaitwa virsh. Fundi akiandika «virsh list --all» anaona vyumba vyote, vinavyofanya kazi na vilivyolala. «virsh start» na jina la chumba hukiamsha. «virsh shutdown» hukiomba kizime kwa utaratibu, kimalize kuandika kilichokuwa kikiandika. Kuna pia «virsh destroy», na jina lake linatisha: kwa Kiingereza neno hilo maana yake ni kuangamiza. Kwa kweli halifuti diski. Linakata chumba ghafla, kama mtu anayechomoa waya ukutani, na lililokuwa halijaandikwa linapotea. Amri inayoondoa chumba kwenye orodha ya seva inaitwa «virsh undefine», jina la upole kuliko kazi yake. Basi kazi ya fundi huanzia kwenye kujua maana ya maneno, si sauti yake.

Neno sahihi, mashine isiyo yake

Kioo cheusi kina hatari ya pekee: vyumba vyote vinafanana. Hakuna rangi ya ukuta, hakuna harufu ya jiko la jirani. Kinachokutambulisha ulipo ni jina fupi mwanzoni mwa mstari.

Tarehe 31 Januari 2017 jambo hilo liliikuta GitLab, kampuni inayotunza kazi za watengeneza programu duniani kote. Fundi aliyekuwa amefanya kazi hadi usiku alitaka kufuta folda kwenye seva ya akiba iliyokuwa na shida. Akaandika amri sahihi kwenye seva isiyo sahihi, ile kuu yenye data hai. Alipogundua na kuisimamisha amri, katika data ya karibu GB 300 zilibaki GB 4.5 hivi. Kampuni ilikuwa na njia tano za kutunza nakala, na siku hiyo iligundua kwamba hakuna hata moja iliyokuwa ikifanya kazi ipasavyo. Kilichowaokoa ni picha ya hali ya diski ambayo fundi alikuwa ameichukua saa sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa. Kazi ya saa hizo sita ilipotea.

GitLab haikuficha. Ilieleza hadharani kila hatua, na tangu hapo kisa hicho hufundishwa kwa wanaoanza kazi hii. Funzo lake ni mawili: soma jina la mashine kabla ya kubonyeza, na nakala ambayo haijawahi kujaribiwa kurejeshwa usiihesabu kuwa nakala.

Usiku wa moto Strasbourg

Tarehe 10 Machi 2021, usiku, moto ulizuka kwenye kituo cha seva cha kampuni ya OVHcloud mjini Strasbourg, Ufaransa. Jengo moja liliteketea lote, na la pili liliharibika kwa sehemu. Mamilioni ya kurasa za mtandao zilizima.

Wateja wengi walikuwa na mashine pepe zilizotengwa vizuri. Ukuta kati yao ulikuwa mzima. Lakini moto haupiti kwenye programu, unapita kwenye chuma. Baadhi yao walikuwa na nakala ya akiba pia, ila nakala hiyo ilikuwa palepale, na iliungua pamoja na asili yake. Waliokuwa na nakala mji mwingine waliamka baada ya siku chache. Waliokuwa nayo humohumo walipoteza moja kwa moja.

Mtu wa Kisangani anaelewa mara moja. Ukiwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na fotokopi yake, ukaviweka vyote ndani ya sanduku moja chini ya kitanda kimoja, nyumba ikiungua una majivu ya karatasi mbili. Kukata chumba ni jambo moja. Kutunza nakala mahali pengine ni jambo lingine, na la kwanza haliwezi kufanya kazi ya la pili.

Waliokuwa wakitafuta ndugu zao

Kisa kinachogusa zaidi jamaa zilizohama ni cha Januari 2022. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, CICR, ilitangaza kwamba watu wasiojulikana wameingia kwenye seva zenye taarifa za zaidi ya watu 515,000. Hawa hawakuwa wateja wa benki. Walikuwa watu waliotengana na jamaa zao kwa sababu ya vita, uhamaji na maafa, watu waliopotea na jamaa zao, na watu waliofungwa. Taarifa zao zilikuwa zimekusanywa na vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60 duniani. Kazi hiyo ya kuunganisha jamaa inajulikana vizuri mashariki mwa Kongo. Wakati huo CICR ilisema kwamba kwa wastani watu 12 waliopotea huunganishwa na jamaa zao kila siku kwa njia hiyo.

Wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021 kwa kupitia kasoro ya programu ambayo haikuwa imezibwa, na waligunduliwa tarehe 18 Januari, baada ya siku 70. Wakiwa ndani, walitumia vyombo vilivyowawezesha kujionyesha kama watumiaji halali au wasimamizi. Taarifa zilikuwa zimefungwa kwa maandishi ya siri, lakini aliyevaa sura ya msimamizi hufunguliwa kama msimamizi.

CICR ilieleza pia jambo lingine: mifumo yake imegawanywa, kila mmoja ukitengwa na mwingine, na kwa hiyo uvamizi uliishia kwenye seva hizo. Kazi zake nyingine hazikuguswa. Hapo mtu anaona faida na mpaka wa kuta kwa pamoja. Kuta zilizuia moto usienee parseli nzima. Lakini kwa waliokuwa ndani ya chumba kilichovunjwa, haikusaidia kwamba chumba cha jirani kilikuwa salama. CICR iliwaomba wavamizi hadharani wasiuze wala kusambaza majina hayo, ikazima seva, na kwa muda wafanyakazi wake wakatumia njia za kawaida zaidi ili utafutaji wa ndugu usisimame.

Ndiyo maana sharti la Popek na Goldberg linabaki na uzito baada ya karibu miaka 50. Msimamizi anavitawala vyumba vyote. Anayeshika sauti ya msimamizi, awe fundi mwaminifu au mwizi aliyevaa shati lake, ameshika majina yote.

Hesabu ya The Hague, hesabu ya Kisangani

Wiki tatu baada ya tangazo hilo, tarehe 9 Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague ilitoa uamuzi ambao Kisangani iliusubiri kwa miaka. Ilikuwa imekwisha kuamua tarehe 19 Desemba 2005 kwamba Uganda ilivunja sheria ya kimataifa nchini Kongo, zikiwemo siku sita za Juni 2000, majeshi ya Uganda na Rwanda yalipopigana ndani ya mji huu na makombora yakaangukia nyumba za raia. Sasa ilikuwa zamu ya fidia.

Kongo ilidai zaidi ya dola bilioni 11. Mahakama ilitoa dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara ya watu, milioni 40 kwa mali na milioni 60 kwa maliasili. Serikali ilikuwa imetaja vifo vya raia 180,000. Mahakama ilisema ushahidi uliowekwa mbele yake ulionyesha kati ya vifo 10,000 na 15,000. Kwa waliohama, ilikadiria kati ya watu 100,000 na 500,000. Pengo kati ya namba hizo mbili za mwisho ni watu 400,000, zaidi ya wakaaji wa miji mingi ya nchi hii. Mahakama ilikubali kwamba vita vyenyewe huharibu ushahidi, ndiyo maana ilichagua kutoa kiasi cha jumla. Lakini iliona wazi kwamba orodha na vyeti vilivyoletwa havikutosha kuhesabu mtu kwa mtu.

Hakuna seva iliyosababisha hilo. Mwaka wa 2000 majina mengi hayakuandikwa popote, na yaliyoandikwa yalikuwa kwenye karatasi zilizolowa, zilizoungua, au zilizobaki katika nyumba zilizovunjwa. Hesabu ya mwisho ya watu wote wa Kongo ni ya mwaka wa 1984. Nchi inayoishi kwa muda mrefu hivyo bila kuhesabu watu wake inajua kwamba jina lisilotunzwa ni hasara inayokuja kudaiwa baadaye, mbele ya hakimu, na aliyekwisha kufa hawezi kujiandikisha mara ya pili.

Serikali iliunda mwaka wa 2019 mfuko wa kuwafidia wahanga hao, FRIVAO, ambao makao yake yako Kisangani. Majina yanakusanywa tena. Wahami wa Lubunga nao wana orodha zao. Leo majina hayo yana nafasi nzuri kuliko ya mwaka wa 2000, kwa sababu yanaweza kutunzwa katika vyumba vilivyotengwa, kwenye miji miwili au mitatu kwa wakati mmoja, kwa amri ambazo fundi wa hapahapa anaweza kuziandika hata kwa laini dhaifu. Nafasi hiyo itakuwa kweli tu kama wanaoandikisha watafanya kazi hiyo, na kama wanaoandikishwa watauliza.

Maswali ya kuuliza mezani

Jamaa haihitaji kujua virsh wala lsmap. Inaweza kumuuliza mwandikishaji kwa heshima mambo manne. Nani ana ufunguo wa mahali jina litakapowekwa, na ni wangapi? Nakala ya pili iko mji gani? Mara ya mwisho kujaribu kuirejesha ilikuwa lini? Na kama jina limeandikwa vibaya, linasahihishwa wapi? Mwandikishaji anaweza asiwe na majibu palepale. Swali likiulizwa na jamaa 20 kwa siku moja, litafika kwa mwenye majibu.

Na kuna nakala moja ambayo haisubiri fundi. Jetoni, fishi ya kuandikishwa, kadi ya mpiga kura, cheti cha mtoto: vipigwe picha kwa simu, na picha itumwe kwa ndugu anayekaa mji mwingine, Bunia, Kindu au Kinshasa. Atakayeipokea aambiwe aitunze na asiionyeshe kwa kila mtu.

Kwenye maporomoko, Wagenia wamekuwa wakivua kwa miaka mingi juu ya mto uleule, miti ileile imesimama katika maji makali, na kila jamaa inajua mtego wake ni upi. Hakuna anayehitaji mto wake peke yake. Kinachotakiwa ni mpaka unaoheshimiwa, macho juu ya anayeshika kamba, na kikapu kingine nyumbani siku maji yatakapokibeba cha kwanza.